Levo iliyoandikwa kwenye boksi la roketi inasema nini hasa

Wiki kama tatu zimepita, mpwa wangu wa Shangani alinipigia simu saa nne usiku anaongea haraka haraka, mjomba limefika, limefika boksi. Baba yake mdogo aliyeko nje alikuwa amemtumia zawadi, seti ya roketi ndogo, zile unazojenga mwenyewe kwa gundi na msasa halafu zinaruka kweli. Kesho yake nikapita kuliona. Boksi refu kama mkono wa mtu mzima, picha nzuri mno, na pembeni imeandikwa levo 4. Dogo ana miaka kumi na mbili na hajawahi kujenga hata moja. Nikamuuliza kwanini levo 4, akaniambia baba mdogo alimuuliza anataka ipi, akachagua kubwa, maana levo kubwa si ndo inaenda juu zaidi.

Hiyo "si ndo inaenda juu zaidi" nimeisikia mara nyingi sana. Nimeisikia kwa vijana wanaoangalia vidio za roketi kwenye simu, nimeisikia kwa mwalimu mmoja wa Lindi anayetaka kuanzisha klabu ya sayansi shuleni kwake, na wazazi ndo kabisa, wao wanaamini levo ni kama darasa, mtoto akiwa la sita basi mpe levo 6. Kwahiyo nimekaa chini niandike yote ninayoyajua, maana miaka miwili niliyokaa Marekani kwa masomo nilijenga hizi roketi karibu kila mwisho wa wiki na nilijifunza kwa gharama ya mbao na karatasi nyingi.

Tuelewane kwanza maneno. Roketi ya mfano ni chombo chepesi, bomba lake ni karatasi ngumu kama lile linalobaki katikati ya roli ya tishu ila limekazwa zaidi, mbele kuna pua ya plastiki au mbao nyepesi, nyuma kuna mapezi matatu au manne kama ya samaki, na ndani limekunjwa parachuti dogo. Chini unachomeka mota. Mota ni kibomba cha karatasi nene kilichojazwa baruti iliyoshindiliwa kiwandani, unaiwasha kwa waya na betri ukiwa umesimama mbali, inaungua mara moja basi unaitupa, roketi yenyewe inashuka na parachuti unairusha tena siku nyingine. Seti ndo lile boksi lenye vipande na karatasi ya maelekezo. Kwa Kiingereza linaitwa kit, ila nitaandika seti kila mahali, nikiandika kiti mtu ataona cha kukalia.

Na watu waache kuchanganya na fataki. Fataki ya mwaka mpya imetengenezwa ipasuke na isirudi. Hii imetengenezwa irudi nzima, ndo maana nusu ya kazi ya kuijenga ni kuhusu kushuka. Kombora nalo ni kitu kingine kabisa, lina kuongozwa na lina kichwa cha kulipuka, huku hamna hata kimoja, na vipande vyote ni karatasi, plastiki na mbao laini, kwa makusudi, ili kikigonga kitu kisilete madhara makubwa.

Safari yenyewe inakwenda hivi. Unabonyeza swichi, mota inasukuma kwa sekunde moja mbili tu, roketi inachomoka kwenye ile nondo nyembamba ya kuiongozea. Moto ukiisha roketi bado inapanda kwa kasi yake, kama jiwe la manati, na muda huo ndani ya mota kuna kitu kinaungua polepole kinatoa moshi tu ili uione iliko. Halafu inakuja baruti kidogo ya mwisho inayopuliza kuelekea juu, inasukuma pua itoke na parachuti lifunguke. Kama umelikunja vibaya halifunguki na roketi inakuja chini kama mshale.

Wazo la mota za kiwandani lina sababu yake na inafaa watu waijue. Mwaka 1954 Orville Carlisle, mwenye duka la viatu pale Norfolk, Nebraska, ambaye pia alikuwa anajua mambo ya fataki, alitengeneza na kaka yake Robert roketi ndogo ya karatasi yenye mota ya kubadilisha na parachuti ndani. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1957, Warusi wakarusha Sputnik, setelaiti ya kwanza duniani, na vijana wa Marekani wakaingiwa na wazimu wa roketi, wanachanganya kemikali majumbani, wanajaza kwenye mabomba ya chuma, wanaumia vibaya. G. Harry Stine, aliyekuwa mtu wa usalama kwenye uwanja wa majaribio ya roketi, akaona kile cha Carlisle ndo jibu, mtoto ashike karatasi na gundi, baruti ishikwe na kiwanda. Mwaka 1958 Vern Estes akatengeneza mashine ya kutoa mota kwa wingi, akaiita Mabel, na kampuni yake ya Estes mpaka leo ndo jina utakalokutana nalo kwanza ukitafuta seti. Kwahiyo ukisikia kijana anakwambia atatengeneza mota mwenyewe nyumbani kwa kuangalia vidio, mzuie, mzuie kweli. Vidole havioti tena.

Sasa levo.

Levo inapima ugumu wa kujenga. Basi. Inakwambia vipande ni vingapi, unakata mwenyewe au vimeshakatwa, gundi ni ya aina moja au tatu, kuna rangi au hamna, maelekezo yanakuelezea kila hatua au yanadhani unajua. Haigusi urefu wa kuruka, na bei pia haifuati levo sawasawa. Chukua mfano wa Estes wenyewe. Wana roketi inaitwa Alpha III, ya wanaoanza kabisa, nyembamba, mapezi yake ni kipande kimoja cha plastiki unachokichomeka, na ukiiwekea mota ya C inapita mita 300 kwenda juu. Wana nyingine inaitwa Big Bertha, hii ya kujenga kwa mbao, nene, ya kupendeza mno, na kwa mota ya C hiyo hiyo inaishia kama mita 150. Ile rahisi inaipita ngumu mara mbili! Sababu ni hewa na uzito. Kitu kinene kinasukuma hewa nyingi, kama mtu anayekimbia kaushika mwavuli wazi. Na zile za levo za juu kabisa, mifano ya roketi za kweli kama Saturn V iliyopeleka watu mwezini, zinakuwa kubwa, nzito, zimejaa urembo pembeni. Saturn V ya kweli ilikuwa na mita 110 na kidogo, ukiipunguza mara mia unapata chombo cha mita moja na sentimita kumi mezani kwako, kazi ya wiki nyingi, na kinaruka chini kuliko kile kijipensili cha mtoto anayeanza. Watu wanakijenga kwa uzuri wake, na uzuri ni sababu tosha, ila ujue unanunua nini.

Jambo lingine, hamna kipimo kimoja cha dunia nzima. Kila kampuni inajipimia. Wengine wanaandika namba 1 mpaka 5, Estes siku hizi wameweka maneno, kuanzia wa mwanzo, wa kati, kupanda mpaka mtaalamu na fundi mkuu. Levo 2 ya huyu inaweza kuwa 3 ya yule. Na umri ulioandikwa kwenye boksi ni wa usalama zaidi, kwamba mtoto wa umri huo asiwe peke yake na kadhalika, hausemi chochote kuhusu mikono yake.

Mi ninavyowaambia watu, achana na namba kwanza, angalia kitu cha mwisho ulichokimaliza kwa mikono yako kikatoka vizuri. Kwetu huku tuna bahati ya kuelewa hili kuliko watu wengi. Kijana akienda kujifunza kuchonga kwa mzee wa Kimakonde hapewi kinyago cha ujamaa siku ya kwanza, kile cha watu ishirini wamebebana kwenye kipande kimoja cha mpingo. Anapewa msasa. Anasugua kazi za wengine mpaka vidole vinajua mti unataka nini, halafu kijiko, halafu kichwa kimoja. Hamna anayeona ni aibu.

Sasa basi, kama hujawahi kujenga chochote, au mtoto ni wa miaka nane tisa, kuna zile za tayari kuruka, unafunga parachuti tu, na kuna zile za mwanzo ambazo mapezi ni plastiki na gundi ni tone moja mawili, saa moja umemaliza. Watu wazima wanazidharau. Mi nasema ya kwanza iwe hii hata kama una miaka arobaini, kwa sababu kuna mambo hujayajua bado ambayo hayahusiani na kujenga kabisa, namna ya kukunja parachuti, namna ya kuweka kiwashio, namna ya kusoma upepo, na ni bora uyajifunzie kwenye chombo ambacho kikipotea juu ya mkorosho hulii.

Levo 1 ndo kazi inaanza. Hapa mapezi ni mbao ya balsa. Balsa ni kinyume cha mpingo kwa kila kitu, mpingo ukiutupa majini unazama, balsa ukiishika unahisi umeshika hewa, ukucha unaingia. Kwenye levo hii mapezi yameshakatwa kwa mashine unayabandua tu, unapiga msasa kingo, unayanata kwenye bomba kwa kufuata mstari. Ukiweza kutengeneza kishada kikaruka bila kuzunguka zunguka, levo 1 ni yako. Jioni mbili tatu.

Hapo kwenye kunata ndo nataka nikae kidogo, maana roketi nyingi za wanaoanza zinakufa kwa gundi. Watu wanakimbilia supa gluu kwa sababu inashika haraka. Kwenye balsa na karatasi supa gluu inakuwa ngumu na inakatika kama biskuti, roketi ikigonga chini kidogo tu pezi linaruka. Tumia gundi ya mbao, ile ya mafundi seremala, nyeupe au ya njano, na fanya hivi, paka kidogo kwenye ukingo wa pezi na kidogo kwenye mstari wa bomba, subiri ikauke, paka tena safari hii nyembamba, ndo unaweka pezi unalishikilia dakika moja. Gundi inakuwa imeingia ndani ya nyuzi za karatasi na mbao, ukija kulivunja utavunja mbao kabla ya gundi. Ikikauka kabisa unapitisha mstari mwingine wa gundi kwenye kona pande zote mbili unaulainisha kwa kidole, kama fundi anavyopiga silikoni kwenye sinki. Lakini plastiki kwa plastiki gundi ya mbao haishiki, hapo inatakiwa gundi ya plastiki yenyewe, soma karatasi. Na hapa pwani gundi inakauka polepole hasa masika, hewa imejaa maji, wakisema nusu saa wewe weka saa mbili, na balsa usiiache wazi dirishani usiku kucha inapinda.

Kingine cha mapezi ni nyuzi za mbao. Fundi seremala yeyote wa Mikindani atakwambia mbao ina nguvu kwa kufuata nyuzi. Nyuzi za pezi zinatakiwa ziende sambamba na ukingo wa mbele, ule unaokata hewa. Ukizilaza vibaya pezi linapasuka kama biskuti ya chai. Seti za levo 1 wameshakuwekea sawa. Kuanzia levo ya 3 wakati mwingine unachora mwenyewe kwenye ubao wa balsa na kukata, kwahiyo hilo linakuwa jukumu lako.

Levo 2 inaongeza rangi na kuziba. Balsa ina vitundu, ukipaka rangi moja kwa moja inainywa, kwahiyo unapaka kitu cha kuziba, unapiga msasa, unapaka tena, unapiga msasa, halafu praima, halafu rangi. Aliyewahi kufanya kazi kwa fundi rangi wa magari anaweza kuanzia hapa akiwa na uvumilivu. Levo 3 inaleta vyumba vya kubebea mzigo, mabomba mawili ya upana tofauti, wakati mwingine roketi ya hatua mbili ambapo mota ya chini inawasha ya juu. Za 4 na 5 ni zile mifano ya roketi za kweli, vipande vidogo kama punje, karatasi za kuzungushia bomba ambazo zikikosea milimita moja zinaonekana.

Watu wananiuliza, mi fundi simu, naanzia wapi? Fundi simu ana macho na vidole, ana kibano, hilo si dogo, ila hajazoea kusubiri gundi, yeye akilehemu kinashika palepale. Namwambia anza ya 1, mwezi mmoja utakuwa kwenye 3. Seremala yeye anaweza kuruka mpaka 2 ila awe makini na nguvu, mikono iliyozoea mninga inaponda balsa bila kujua. Mama mmoja mshonaji wa Ligula alinishangaza kuliko wote, alikunja parachuti na kufunga kamba zake vizuri kuliko mtu yeyote niliyemwona.

Tukiachana na levo, kwenye boksi kuna maandishi mengine, mfano B6-4 au C6-5. Hiyo ni mota, na mota ndo inayoamua juu kwa kiasi kikubwa. Herufi ni jumla ya nguvu yote iliyomo, na kila herufi ni mara mbili ya iliyotangulia. Ichukulie kama wali, A ni sahani moja, B mbili, C nne, D nane. Kwa lugha ya shule C mwisho wake ni newtoni-sekunde 10, D ni 20. Namba ya kwanza ni wastani wa kusukuma kwa newtoni, yaani mlaji anakula kwa kasi gani, 6 maana yake anasukuma kama uzito wa gramu 600 hivi ulioshika mkononi. Namba ya mwisho ni sekunde za kusubiri kabla ya parachuti kusukumwa. Roketi nzito inapanda muda mfupi kwahiyo inataka sekunde chache, ukiiwekea 7 itakuwa imeshageuka inashuka kichwa chini ndo parachuti litoke, linachanika. Mota yenye 0 mwishoni haina kusubiri, ni ya hatua ya chini kwenye roketi za hatua mbili, mtoto asiiweke kwenye roketi ya kawaida hata siku moja. Kila seti ina orodha ya mota zake, na mruko wa kwanza tumia ndogo kabisa kwenye orodha. Unene pia uangalie, kuna za milimita 13, 18 na 24, haziingiliani.

Na hii hapa inawahusu wale wanaopenda kukiremba chombo. Roketi inakwenda wima kwa sababu uzito wake uko mbele na mapezi yako nyuma, kama mshale wenye ncha nzito na manyoya. Kuna nukta roketi inapobalansi ukiiweka juu ya kidole, na kuna nukta upepo unapoikamata zaidi. Ya kwanza lazima iwe mbele ya ya pili, angalau kwa upana mmoja wa bomba. Kishada kisicho na mkia mnakijua kinavyofanya. Sasa mtu anajenga seti vizuri halafu anaongeza rangi nne kwenye mapezi, anaongeza gundi nyuma, uzito unarudi nyuma, roketi inapinduka hewani. Kupima ni rahisi, iwe na mota ndani, funga uzi pale inapobalansi, zungusha kichwani kwenye uwanja, ikielekeza pua mbele ni salama, ikienda ubavu au kinyume ongeza plastisini kidogo ndani ya pua. Wenye laptopu kuna programu ya bure inaitwa OpenRocket, inakuhesabia yote.

Sasa uwanja, maana seti unaichagua pia kwa uwanja ulionao na watu hawalifikirii kabisa. Mwongozo wa usalama wa chama cha warusha roketi wa Marekani unasema kwa mota ya A upande mfupi wa uwanja usipungue mita 30, B mita 61, C mita 122, D mita 152. Kiwanja cha mpira wa miguu cha kawaida ni mita 105 kwa 68. Kwahiyo hata ukipewa ruhusa ya uwanja wa Nangwanda Sijaona hapa Mtwara au Ilulu kule Lindi, eneo la kuchezea peke yake linatosha A na B tu, C limeshapitiliza. Na hapo ni siku ya utulivu. Fanya hesabu, roketi imefungua parachuti mita 150 juu, inashuka mita 4 kwa sekunde, hiyo ni karibu sekunde 38 hewani, upepo wa kusi ukiwa mita 5 kwa sekunde inasukumwa kama mita 190. Imeshatoka uwanjani, iko kwenye bati la mtu au mikorosho. Kusi linavyopiga katikati ya mwaka mnalijua, rusha alfajiri kabla halijaamka, na badala ya parachuti kubwa tumia utepe, inashuka haraka zaidi. Parachuti la plastiki kwa joto letu linajinata, lipake poda ya mtoto kabla ya kulikunja. Majani makavu yafyeke pale chini ya stendi ya kurushia. Simama mita 5 au zaidi. Ikigoma kuwaka chomoa ufunguo wa swichi na subiri dakika nzima kabla mtu hajaisogelea. Ikinasa kwenye nyaya za umeme iache hapo hapo, ni karatasi tu ile.

Kuna jambo zito zaidi la kwetu. Boksi la seti ni karatasi na plastiki, linasafiri kama mzigo mwingine. Mota ni baruti, kwenye usafiri zinahesabiwa mizigo ya hatari, huwezi kuziweka kwenye begi ukapanda ndege, na vitu vya kulipuka nchini kwetu viko chini ya sheria. Usiagize kimyakimya. Nenda polisi, uliza vibali, na kama mnataka kurusha karibu na uwanja wa ndege waulizeni watu wa anga. Mwalimu wa Lindi nilimwambia hivyo hivyo, aandike barua kwa jina la shule na asinunue hata mota moja kabla hajajibiwa.

Wakati mnasubiri kuna roketi ya maji, na mi naiweka kama levo sifuri ya kila mtu. Chupa ya soda ya lita mbili, iwe ya soda kweli, zile za maji ya kunywa ni nyepesi hazihimili. Maji theluthi moja, raba yenye valvu ya tairi mdomoni, pampu ya baiskeli, mapezi ya plastiki ya ndoo, na kamba ndefu ya kuachia ukiwa mbali. Presha ya bar 3 mpaka 4 inatosha kabisa, chupa yenye mikwaruzo au iliyokaa juani tupa. Kila kitu kuhusu mapezi, uzito wa pua na upepo unajifunza hapo, na mapezi yakipinda utaona kwa macho yako inavyozunguka.

Kabla ya kununua soma pia ule mstari mdogo wa vitu visivyomo. Boksi nyingi hazina mota, viwashio, zile karatasi zisizoshika moto za kulinda parachuti, gundi, wala rangi. Ukiwa unaanza kabisa tafuta ile seti ya kuanzia yenye stendi na swichi ndani, hizo unazitumia kwa roketi zote zijazo, na ukishakuwa nazo nunua roketi peke yake. Wengi wanaanza na roketi peke yake halafu wanagundua hawana pa kuirushia.

Kuna wazee hapa mtaani waliniambia haya mambo ni ya wazungu. Nikawajibu na hii. Desemba 12, 1970, setelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei ya nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, pwani hii hii ya kwetu upande wa Kenya, na kwa sababu ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya wakaipa jina Uhuru. Roketi iliyoibeba, Scout, ilikuwa ya hatua nne na mafuta yake makavu yaliyogandishwa, ndugu mkubwa wa hizi mota za karatasi. Neno la Kiswahili limekaa kwenye vitabu vya nyota dunia nzima.

Kwahiyo na mpwa wangu tulikaa tukakubaliana. Boksi la levo 4 tukalirudisha juu ya kabati la mama yake, halijafunguliwa, tumeweka na vile vipakiti vya kunyonya unyevu visije vikapinda vya ndani. Baba mdogo tukampigia, hakukasirika, amesema atatafuta ya mwanzo na ya levo 1, zije bila mota. Roketi za maji ameshapasua chupa nne na ya tano ilipita juu ya mnazi wa jirani. Sasa yuko kwenye mapezi. Nimempa kipande cha balsa nilichorudi nacho zamani, amechora matatu, amekata, jana jioni akaniletea kabla hajanata. Mawili nyuzi ziko sawa. La tatu alilikata likiwa limelala upande. Nikalipinda kidogo mbele yake likavunjika, akalitazama, akachukua rula, akaanza kuchora lingine.